Walivyomcheka Mama Deki

Watoto wa shule ile walimwita Mama Deki, naye hakuwahi kulikasirikia jina hilo. Alikuwa wa kwanza kufika kila asubuhi, mlinzi akiwa bado anakunja blanketi lake, na kengele ya kwanza ilipolia alikuwa ameshapiga deki korido zote, ngazi, ofisi ya walimu na vyoo. Mtoto aliyekanyaga sakafu mbichi alikuwa halali yake. "Wewe, zunguka huko, huo mguu umeuosha lini?" Watoto walicheka, wakazunguka. Wengine walikanyaga makusudi ili tu wakemewe.

Shule yenyewe ilikuwa ya kulipia, ya watu wa magari. Mtoto wa mpiga deki alikuwa na mlango mmoja tu wa kuingilia pale, nao ni kwamba mfanyakazi alipunguziwa karo ya mtoto mmoja. Kwa ajili hiyo mama huyu alikuwa ameacha kazi ya kukaa kwenye kiti, kuuza vitambaa katika duka la shangazi yake, akaja kushika ndoo. Shangazi alimwambia amerogwa. Yeye alijibu kwamba kama kurogwa ndiko huko, basi na aongezewe.

Mtoto mwenyewe alikuwa binti wa darasa la sita, wa pekee. Baba yake alihamia kwa mke mwingine zamani, mtoto hajaota hata meno, na hakuna aliyemsubiri tena. Nyumbani binti aliitwa Chiriku, kwa sababu ya maneno. Aliamka anaongea, alikula anaongea, na usingizi ulipomchukua ulimkatiza njiani. Jioni mama akirudi, aproni bado iko mwilini, Chiriku ameshaanza: mwalimu wa sayansi leo kavaa soksi za rangi mbili, fulani kajifanya anaumwa ili asisome kwa sauti, Pipi kaleta kalamu inayonukia maua. Pipi ndiye aliyekuwa shoga yake wa chanda na pete, mtoto wa mwenye duka la dawa. Mama alijitupa kwenye kochi, akasikiliza nusu, nusu akasinzia. "Endelea, nakusikia," alisema, macho yamefumba. Chiriku aliendelea, kwa sababu hakuhitaji kusikilizwa sana. Kuongea kwenyewe kulimtosha.

Muhula wa pili ulipokaribia kwisha, mama akaanza kusikia mkoromo kwenye korido.

Mara ya kwanza hakuelewa. Alipita na ndoo mbele ya darasa la sita, na mtoto mmoja akakoroma, kwa nguvu, kama mzee. Wengine wakafa kwa kicheko. Mama Deki naye alicheka. Alidhani ni mchezo wao mpya, kama ule wa kupiga miluzi uliowahi kuwatia kichaa walimu. Kesho yake walikoroma watatu. Siku iliyofuata mvulana mmoja wa darasa la nne, ambaye hata hakumjua, aliegemeza kichwa ukutani, akaachama mdomo na kuning'iniza ulimi. Mama Deki akamtishia na dekio, akaenda zake akitabasamu. Kilichomshangaza ni kwamba wale waliokuwa wakikanyaga sakafu mbichi ili wakemewe hawakufanya hivyo tena. Walisimama pembeni, wakamtazama, wakatazamana.

Aliyemfumbua macho ni mlinzi. Alimwita kibandani asubuhi moja, akasafisha koo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Dada yangu, mimi sipendi umbea. Lakini nikikaa kimya nitakuwa na mimi nimo."

"Umo wapi?"

Mlinzi akampa simu. Dereva wa basi la shule ndiye aliyemrushia, naye dereva alirushiwa na mtoto wa dada yake. Ilikuwa picha, imekatwa kingo na kugeuzwa stika. Mwanamke amelala kwenye kochi, aproni ya bluu, kilemba kimeteremka hadi sikioni, mdomo wazi pengo linaonekana, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Juu yake paliandikwa: NIMEAMBIWA NIFANYE HESABU. Kulikuwa na nyingine. DEKI IMENISHINDA. Na nyingine, ambayo mlinzi alijaribu kuipitisha haraka kwa kidole lakini haikupita vizuri: HARUFU YA CHOO INALEVYA.

Mama Deki hakuwa anatazama mdomo wake wala pengo lake. Alitazama kitambaa cha kochi, alichokishona kwa mkono wake mwenyewe. Ile ilikuwa sebule yake. Na sebuleni kwake hakuna mtu wa tatu.

Alifanya kazi siku ile kama kawaida. Aliosha vyoo, akamwaga dawa, akasugua. Mkoromo ulipomfuata kwenye korido alijua sasa unatoka wapi, na kila ulipolia alihisi kama mtu anamvua nguo. Jioni alipofika nyumbani Chiriku alikuwa ameinamia vitabu. Mama alibaki amesimama.

"Ile picha yangu nimelala. Nani kaipiga?"

Chiriku alinyanyua uso. Ulikuwa umekonda, na mama aliuona kuwa umekonda, lakini hasira haikumruhusu kusimama hapo.

"Mimi," binti alisema.

"Wewe."

"Mama, nilikuwa—"

"Nyamaza. Nimekuuliza nani, umeshanijibu."

Hakumpiga. Baadaye alitamani angempiga, maana kofi lingekwisha jioni ileile. Alichofanya ni kuichukua simu yake, ambayo Chiriku alikuwa akiitumia jioni, kuitia mfukoni mwa aproni, na kusema kwa sauti ya chini kabisa, taratibu, ili kila neno lifike: "Ningejua nimezaa wa kunicheka, ningebaki dukani kwa shangazi, nikakaa kwenye kiti."

Kisha akanuna. Alikuwa mwanamke wa kunena, lakini akinuna, nyumba nzima ilipoa. Aliweka chakula mezani bila kuita. Alichana nywele za mtoto bila kusema geuka huku, akimgeuza kichwa kwa kidole tu. Mara nyingine kitana kilikutana na sehemu nyuma ya sikio ambapo nywele zilikuwa zimepungua, ngozi inaonekana kama imenyonyolewa. Akajiambia ni fangasi. Asubuhi mbili tatu alikuta shuka limeloa, la mtoto wa darasa la sita, akalianika bila kuuliza. Alijua kitu kinasema naye. Lakini alikuwa amenuna, na mtu aliyenuna hukisikia kitu akajifanya hajakisikia.

Chiriku hakuongea. Mama alidhani ni adabu inamwingia.

Siku moja alikwenda kwenye vyoo vya wasichana mapumziko yakiwa bado hayajaisha. Aliingia na ndoo, akagonga mlango wa kwanza, akasafisha, akagonga wa pili. Wa mwisho ulikuwa umefungwa kwa ndani.

"Nani humo?"

Akagonga tena.

"Nauliza nani. Nataka kusafisha."

Akainama. Chini ya mlango aliona viatu vyeusi, na kile cha kushoto kilikuwa na mshono wa uzi wa kahawia alioutia yeye mwenyewe, kwa sababu uzi mweusi ulikuwa umekwisha.

Nje, kwenye uwanja, kikundi cha wasichana kilipita karibu na dirisha. Mmoja akakoroma. Mwingine akaita kwa sauti ya kuvuta: "Binti Deki, umelala na wewe?" Wakacheka, wakaenda.

Viatu chini ya mlango havikusogea.

Mama Deki aliipindua ndoo yake tupu, akaikalia.

"Toka, mwanangu."

"Niache kidogo, mama. Kengele ikilia natoka."

"Unafanya nini humo?"

"Napumzika. Kila siku napumzikia humu."

Ilikuwa sauti ya mtu mzima aliyechoka, na neno kila siku ndilo mama alilobaki nalo. Yeye ndiye aliyesafisha vyoo vile. Kila siku aliingia baada ya mapumziko, akakuta mlango wa mwisho uko wazi na pamepoa, akamwaga dawa.

"Ile picha," alisema. "Hebu nieleze."

Chiriku alieleza akiwa ndani na mama akiwa nje, na huenda bila ule mlango kati yao asingeeleza kamwe. Ile jioni mama alikuwa amelala bila kuvua viatu. Chiriku alimvua kimoja, na alipogusa cha pili mama aliuvuta mguu usingizini kama mtoto mchanga. Alicheka peke yake. Alimwona mama mzuri. Akapiga picha, akamtumia Pipi peke yake, na maneno aliyoandika ni haya: mama yangu kachoka leo, nampenda huyu mtu. Pipi alijibu kwa mioyo mitatu. Baada ya hapo mwalimu alimchagua Chiriku kusoma shairi siku ya wazazi, nafasi ambayo Pipi aliitaka. Jioni hiyohiyo picha iliingia kwenye kundi la watoto, lile walilolianzisha wenyewe pembeni ya kundi la mwalimu la kazi za nyumbani. Mengine yakafuata.

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniambia ninyamaze."



Jioni ile mama alilifungua kundi mwenyewe, Chiriku ameketi kando yake. Alisoma kuanzia mwanzo. Kulikuwa na sauti za mikoromo walizojirekodi. Kulikuwa na mtoto aliyeuliza kama Chiriku huoga kwa dawa ya choo, na watoto kumi na kitu waliocheka. Kulikuwa na mmoja aliyeandika kwamba angekuwa yeye ana mama kama yule, angejifia tu, na mwingine akajibu, mwambieni basi. Majina ya simu yalikuwa ya wazazi, watu aliokuwa akiwasalimia getini: mhasibu, mwanasheria, mama mwenye duka la dawa. Lakini kilichomkata maini ni jina lake mwenyewe. Maana Chiriku alitumia simu ya mama yake, na katikati ya vicheko vyote palikuwa na vicheko vilivyotoka kwenye namba ile. Hahaha. Hahaha. Mahali pamoja Chiriku alikuwa ametuma stika yenyewe, mama yake ameachama, na kuandika: leo na mimi hesabu imenishinda.

Alimgeukia. Chiriku alikuwa anang'oa unywele nyuma ya sikio, mmoja mmoja, hajui kama anafanya hivyo.

"Nilidhani nikicheka na mimi wataacha," alisema.

Mama aliushika ule mkono, akaushusha. "Nisamehe," alimwambia. "Tangu mwanzo nilipaswa mimi kukuuliza."

"Sawa," Chiriku alijibu. Alilisema upesi, bila kumwangalia.

Kikao kilifanyika ofisini kwa mwalimu mkuu, kwenye zulia ambalo Mama Deki alilifagia kila siku na hakuwahi kuketi juu yake. Walikuwapo mwalimu wa darasa na mama mwenye duka la dawa, ambaye alikuja na funguo za gari mkononi na hakuziweka chini hata mara moja.

"Dada yangu, pole sana," alianza, na pole yake ilikuwa laini. "Nimemsema binti yangu, ameniahidi. Lakini tusiikuze. Watoto ni watoto, huu ni utani wao. Hata sisi wazazi wanatutania."

"Wewe wamekutengenezea ya maneno gani?" Mama Deki aliuliza.

"Nini?"

"Picha yako. Nami nicheke."

Mama wa duka la dawa alitazama funguo zake. Mwalimu wa darasa akasema jambo kuhusu simu, kwamba shuleni zimepigwa marufuku na ya nyumbani yako nje ya uwezo wao. Alisema pia, kwa nia njema kabisa, kwamba kitaaluma Chiriku hajashuka sana, na kitabia amepanda: zamani alikuwa na maneno mengi darasani, siku hizi ametulia, hasumbui. Alikuwa ameshaandika hivyo kwenye ripoti ya muhula. Mama Deki alimtazama mwalimu huyu, binti mdogo aliyetoka chuo juzi, aliyevaa vizuri, na akakosa hata hasira ya kumpa, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amesoma ukimya ule vilevile.

Mwalimu mkuu alikunja mikono juu ya meza. Pipi ataomba radhi mbele ya darasa. Kundi litafutwa. Na kuna jambo moja zaidi, kwa ajili ya utulivu wa mtoto.

"Tumeonelea, mama, kuanzia wiki ijayo uwe unaingia kazini watoto wakishaondoka. Itampunguzia binti yako mzigo. Wasipokuona, watasahau."

Nje mtu alikuwa anaburuta dawati.

"Kwa hiyo kinachoondolewa ni mimi," alisema Mama Deki.

"Hapana, usichukulie hivyo. Ni ratiba tu."

Aliikubali. Angefanya nini, na karo ya mtoto imefungwa kwenye dekio lile? Pipi aliomba radhi mbele ya darasa kwa sentensi mbili alizokariri, na jioni ile kundi jipya lilikuwa limeshapata stika mpya: Pipi amesimama ameinamisha kichwa, na chini yake, SAMAHANI DEKI. Siku ya wazazi shairi lilisomwa na mtoto mwingine. Chiriku aliamka akisema tumbo linamuuma, na mama hakumlazimisha. Muhula ulipofungwa alirudisha aproni ofisini ikiwa imepigwa pasi, akarudi dukani kwa shangazi, na shangazi, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakusema nilikwambia.

Chiriku alihamia shule ya serikali, upande wa pili wa mji. Kituo cha afya kilikuwa na mshauri wa watoto, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu, na kila wiki mama alimpeleka binti yake na kumsubiri kwenye benchi. Nywele zilianza kuota. Shuka zikawa kavu. Siku moja mshauri alimwita mama ndani, akafunga mlango.

"Anaendelea vizuri. Lakini nikufiche nini? Wale watoto anawaogopa. Hasira aliyonayo ni juu yako."

"Najua," mama alisema.

"Kuna neno ulilomwambia, kuhusu kiti."

"Najua neno lenyewe."

"Usimharakishe. Hata akikwambia yamekwisha, usiamini upesi. Ni mtoto aliyejifunza kuwapa watu jibu wanalolitaka."

Mama alilibeba hilo kama alivyobeba ndoo, bila kulimwaga. Nyumbani waliongea tena, ya shule, ya dukani, kwa sauti za kawaida. Chiriku aliongea kiasi. Alipima maneno kabla ya kuyatoa, kama mtu anayehesabu vijiko vya sukari ugenini.

Muhula wa pili katika shule mpya, mama aliitwa. Alikwenda mbio, akijua picha imemfuata mtoto wake hadi huko. Alikuwa amejiandaa, safari hii hangekalia zulia la mtu kwa adabu. Mwalimu alimkaribisha kwenye benchi nje ya darasa, akamwonyesha simu aliyomnyang'anya mwanafunzi. Kulikuwa na mvulana wa darasa lao mwenye kigugumizi. Watoto walimrekodi akijibu swali, wakaikata sauti pale anapokwama, wakaitungia ngoma. Ilizunguka shule nzima. Mvulana alikuwa hajaonekana darasani tangu Jumatatu.

"Aliyerekodi si binti yako," mwalimu alisema. "Lakini ujumbe wa kwanza kucheka ni wake. Na ndiye aliyeisambaza kwenye darasa jirani."

Mama aliitazama namba. Ilikuwa ya simu yake mwenyewe.

Alimngoja Chiriku nje ya geti. Walitembea kimya hadi pale barabara inapoacha maduka.

"Wewe, kati ya watu wote," mama alisema. "Wewe unayejua."

Chiriku hakulia. Alirekebisha mkanda wa begi. "Ndiyo maana nilicheka. Ukiwa wa kwanza kucheka, hawakutazami wewe."

Mama alisimama. Alitafuta maneno ya kumrudishia, akapata yale yale ambayo watu wazima walikuwa wamempa yeye ofisini, na yote yalikuwa yameoza. Akamshika mkono, akamgeuza, wakarudi kuuliza nyumba ya yule mvulana iko wapi.

Aliyewafungulia alikuwa babu yake, fundi wa viti, mikono ina gundi. Aliwapa viti, akamwita mjukuu. Mvulana alikuja, akakaa mbali, akitazama kidole chake cha mguu. Chiriku alisema aliyokuja kuyasema. Alisema kwamba alicheka, kwamba aliisambaza, kwamba alijua inauma kiasi gani na bado akafanya. Hakuyakariri popote, yalitoka yamekatikakatika. Mama alikaa na mikono mapajani na hakumsaidia.

Mvulana alijaribu kujibu. Neno likamkwama, akalisukuma, likakataa. Hakuna aliyelimalizia. Mwishowe aliachana nalo, akainuka, akaingia ndani.

Babu aliwasindikiza hadi njiani. "Mmekuja," alisema. "Wengine hawajaja." Hakuwaambia wawe na amani, wala hakuwaambia wasirudi.

"Atanisamehe?" Chiriku aliuliza walipokuwa wameshafika mbali.

"Sijui."

"Atarudi shule?"

"Hilo nalo sijui, mwanangu. Kesho tutampitia tumuulize."

Chiriku alitembea kidogo. "Asipotaka kutoka?"

"Tutampitia keshokutwa."